Mkono wa Mtaalamu na Misuli ya Sakafu ya Nyonga



Yuko tabibu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliyepata kusema mbele ya baraza la wataalamu kwamba mwanamke avujaye mkojo kila akikohoa au akicheka hana haja ya kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kwani yatosha kumpa karatasi yenye maelezo ya kukaza misuli, aende nayo kwake, akaze, apone. Rai hiyo imeenea, na ina sura nzuri ya urahisi. Ndiyo maana naomba wasaa wenu niibomoe.

Maumbile ya sakafu ya nyonga hayatatuchelewesha, maana wengi mnayajua: ni misuli iliyotandazwa toka mfupa wa kinena hadi kifandugu, ikabeba kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana.

Wenye rai ya karatasi hupenda kumtaja Arnold Kegel, tabibu wa wanawake wa Los Angeles, kana kwamba ni shahidi wao. Laiti wangaliisoma makala yake ya mwaka 1948! Mimi nimeisoma mara nyingi kuliko adabu iruhusuvyo, na kila mara hunistaajabisha jinsi bwana yule alivyokuwa mbali na karatasi. Kwanza aliutafuta msuli kwa kidole, akamfundisha mgonjwa kuukaza huku yeye mwenyewe akihisi. Kisha akamkabidhi chombo alichokibuni, kifuko cha mpira kilichoingizwa ukeni na kuunganishwa kwa bomba na saa ya kupimia shinikizo, ili mgonjwa aone kwa macho yake mshale ukipanda kila akazapo, naye akaamrishwa kufanya hivyo dakika 20, mara tatu kwa siku. Hayo ndiyo mazoezi ya Kegel. Yanayopita leo kwa jina lake ni kivuli chake tu.

Tena mwaka 1991, Bump na wenzake huko Marekani waliwapima wanawake 47 waliokwisha kupewa maelezo mafupi ya mdomo, wakakuta kwamba takriban nusu tu ndio waliokaza sawasawa, na robo nzima walikuwa wakisukuma kwa namna iwezayo kuzidisha uvujaji wenyewe. Nimeliona hilo kwa mwalimu mmoja wa shule aliyenijia na karatasi yake, imekunjwa vizuri ndani ya mkoba. Nilimlaza magoti juu, nikamwomba idhini, nikamwambia akaze kama azuiaye upepo usimtoke: pumzi ikakatika, tumbo likawa gumu, makalio yakainuka kitandani, na chini ya kidole changu msuli, badala ya kupanda, ukasukumwa nje. Alikuwa akitimiza kila alichosoma, kwa bidii ya mwalimu.

Wako pia wale ambao misuli yao imekazana kupita kiasi, wenye maumivu katika tendo la ndoa, mkojo usiotoka kwa urahisi na choo kigumu. Hao, ukiwaamrisha wakaze, umewazidishia maradhi. Somo lao la kwanza ni kulegeza na kuvuta pumzi hadi chini ya mbavu, na hakuna karatasi iwezayo kuwabagua na wenzao walegevu. Wanaume waliotolewa tezi dume nao hufundishwa misuli hiyo hiyo, ila huchunguzwa kwa njia nyingine.

Insafu yanilazimu niseme yaliyo upande wa pili. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wanawake wa miaka 60 na zaidi hufaidika kwa mazoezi ya kikundi sawa na wafanyao peke yao na mtaalamu. Walakini kila mmoja wao alifundishwa kwanza kibinafsi namna ya kukaza. Nimeambiwa vilevile kwamba haya ya mama zetu wa pwani haitaruhusu uchunguzi wa ndani. Mama hao hao huupokea mkono wa mkunga. Kinachowakimbiza ni kufunuliwa bila kuulizwa, mlango ukiwa wazi. Hata hivyo mgonjwa ana haki ya kukataa, na akikataa, msuli waweza kuguswa kwa nje au kutazamwa kwa ultrasaundi juu ya tumbo.

Basi sidai mtaalamu akae naye kila siku. Nadai ile siku ya kwanza, kabla mgonjwa hajahesabu mkazo hata mmoja. Na hiyo mashine ya ultrasaundi, hata nikiwa nayo chumbani, nitaiwasha baada ya kidole.