Wananchi Wenye Hasira Kali

"Wananchi wenye hasira kali" ni maneno manne ambayo msikilizaji wa redio Tanzania ameyazoea hata hayamshtui tena. Taarifa huwa fupi: kijana aliyedhaniwa mwizi wa pikipiki amekamatwa, akapigwa na wananchi wenye hasira kali, akachomwa moto. Haitajwi nani alileta tairi, wala nani alimwaga petroli. Kwa Kanuni ya Adhabu hayo ni mauaji, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa. Kwa lugha ya habari yamekuwa kama mvua ya mawe: yametokea tu, hayana mtendaji.

Unyamwezini, kwenye njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, hukumu ya mtaani ina historia yake. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, bunduki zilizagaa na wezi wa ng'ombe wakazidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Kahama na Nzega vikajiundia sungusungu, ulinzi wa pinde na mishale. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, wanaume hutoka mbio. Wizi ulipungua, na jambo hilo lisibezwe. Lakini tuhuma za uchawi nazo zilifikishwa humo humo, katika nchi ambako macho mekundu ya bibi kizee, aliyepuliza moto wa samadi maisha yake yote, huhesabiwa kuwa ushahidi.

Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Kiswahili kimejaliwa maneno ya kuilinda haki hiyo: mtuhumiwa, mshtakiwa, na mwisho kabisa mwenye hatia. Vichwa vya magazeti huyaruka yote. Asubuhi redio zinaposoma magazeti, mzee aliyeshika kikombe kwenye kijiwe cha kahawa husikia "Muuaji anaswa". Neno mtuhumiwa limo aya ya tatu, na aya ya tatu haisomwi hewani. Mwaka mmoja baadaye, mtu huyo akiachiwa huru, habari yake hupata kipande kidogo ukurasa wa ndani, na kijiweni hakuna anayeisikia.

Mfano mzito kuliko yote ni wa mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa kanda ya magharibi na ya ziwa kuanzia mwaka 2007. Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda, akiwa ziarani, alisema atakayekutwa akiua albino naye auawe. Vyombo vya habari viliibeba kauli hiyo, wabunge wakahoji kama serikali imehalalisha watu kujichukulia sheria mkononi, na Pinda akaangua kilio bungeni Dodoma alipokuwa akijieleza. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, na watu wengi waliuona ndio uchungu wao. Ila kauli yenyewe ilikuwa na kasoro kubwa. Anayekamatwa na kiungo cha binadamu mkononi mara nyingi ni mtu wa kutumwa. Yeye ndiye anayemjua mganga aliyeagiza, na pengine tajiri aliyelipa. Akiuawa papo hapo, siri inazikwa naye, na aliyemtuma hutafuta mwingine wa kumtuma. Umati unaodhani umelipiza kisasi unakuwa umemsaidia mnunuzi kumnyamazisha shahidi.

Mahakama ilikwenda njia nyingine. Mwezi Juni mwaka huo kesi zilianza kusikilizwa Kahama na Shinyanga. Mashahidi walikula kiapo, washtakiwa wakapewa nafasi ya kujibu. Tarehe 23 Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwatia hatiani wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa wilaya ya Bukombe, ikawahukumu kunyongwa. Ilikuwa mara ya kwanza nchini kwa mtu yeyote kutiwa hatiani kwa mauaji hayo, miezi minane tu baada ya kauli ya kuua papo hapo.