Jaribio la Ujumbe wa Uongo

 Natumaini mmekwisha kaa tayari, daftari na kalamu mbele yenu. Leo twahitaji na kitu cha tatu: simu janja, ile ya kugusa kioo.

Msimu wa korosho ukifika, fedha huingia vijijini, na wezi wanajua. Mwizi wa siku hizi havunji mlango. Huandika maneno machache, akayatuma. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu Tanzania mwaka 2008. Wezi wamejifunza kuuiga ujumbe wake. Basi leo tutauiga sisi wenyewe, tupate kuujua.

Kaeni wawili wawili.

Kwanza: mmoja aihifadhi namba ya mwenzake katika simu kwa jina FEDHA.

Pili: mwenzake aandike hivi, kisha autume: "Umepokea Sh. 50,000. Salio lako ni Sh. 62,000."

Tatu: mpokeaji asome kioo chake.

Mmeona? Simu imelia kama kawaida. Juu pameandikwa FEDHA. Hesabu nayo yapendeza. Je, imeingia hata senti moja? Hata moja. Simu huleta maneno yoyote iliyopewa, ya kweli na ya uongo.

Nne: lifuteni lile jina FEDHA, mwufungue tena ujumbe. Sasa juu pana namba ya mtu. Mara nyingi mwizi hutuma kwa namba ya kawaida kama hii. Hutumaini tu kwamba utasoma hesabu, wala hutasoma huko juu.

Baada ya ujumbe, mwizi hupiga simu. "Mama, nimekosea namba. Nina mgonjwa, nirudishie upesi." Hutaka umwonee huruma kabla hujafikiri. Usibishane naye. Kata simu, uangalie salio lako mwenyewe. Kwa M-Pesa bonyeza *150*00# ufuate maelezo. Salio likiwa lile lile, hukupokea kitu. Na ikiwa fedha zimeingia kweli kwa makosa, usizirudishe kwa mkono wako. Waarifu wenye huduma, nao watazirudisha. Ujumbe wa utapeli upeleke kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Sasa neno kubwa la leo. Asiyejua kusoma humpa mtu simu yake amsomee, na mara nyingi humtajia na namba ya siri. Leo ni mjukuu, kesho ni jirani, keshokutwa ni mtu aliyekutana naye dukani. Namba iliyokwisha sikiwa na watu watatu si ya siri tena. Ukiwa umewahi kumtajia mtu namba yako, ibadilishe leo, uifiche moyoni.

Kazi ya nyumbani ni hii. Andikeni katika daftari maneno haya, kila neno mara tano: ujumbe, salio, utapeli, siri. Kisha usiku huu kila mmoja afungue simu yake, asome salio lake mwenyewe, bila msaidizi. Hata likiwa shilingi mia mbili tu, litakuwa umelisoma wewe.

Mpaka kipindi kijacho, kwaherini.