Punda Amepona Kisu, Kamba Je?

Msikilizaji, habari ya Addis Ababa umeisikia. Viongozi wa Umoja wa Afrika, katika mkutano wao uliomalizika tarehe 18 Februari 2024, walikubaliana kuzuia barani kote uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, ile inayopelekwa China ikachemshwe iwe ejiao, dawa ya asili ya Kichina. Tanzania ilishatangulia. Mwishoni mwa 2021 serikali ilisimamisha uchinjaji huo kwa miaka kumi, baada ya machinjio ya Dodoma na Shinyanga kumaliza punda kwa kasi iliyotisha wafugaji. Uamuzi ni mzuri, na kituo hiki kinauunga mkono.

Kinachotusumbua sisi wa Uyole, Mbeya, ni kingine. Punda amepona kisu. Kamba je?

Maana punda huyu huyu aliyeokolewa Addis Ababa, kesho alfajiri atafungwa mkokoteni kwa kamba ya manila. Kifuani manila, mgongoni manila, na manila ikikatika, kipande cha tairi kilichokazwa kwa waya. Atavuta viazi, atavuta mbolea, atavuta matofali, na manila itakula ngozi yake mpaka nyama ionekane. Ngozi ile ile tuliyokatazwa kuiuza, tunaichuna taratibu akiwa hai.

Wapo hata wanaomwekea nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira anaisukuma kwa nundu. Punda hana nundu. Nguvu yake iko kifuani, na kifua kinataka mkanda mpana, siyo kamba.

Fundi wa matandiko analijua hilo. Haanzi na mkasi, anaanza na mnyama: anampima kifua, anampapasa mabega. Ndipo anakata ngozi upana wa kiganja, anakunja kingo zisikwaruze, anatia bitana ya turubai, anatoboa kwa msharasi na kushona kwa uzi uliopakwa nta. Mkanda huo una mahali pake. Ukishuka chini ya mfupa wa bega unamzuia kutembea, ukipanda shingoni unamkaba pumzi. Mgongoni anaweka tandiko lenye mito miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, ili uzito usilalie uti wa mgongo. Halafu unakuja mkanda wa nyuma, unaozunguka mapaja, na huo kwa nchi yetu ya milima ndio roho ya kazi yote. Anayeshuka kutoka Isyonje na mzigo bila mkanda wa nyuma anamwachia punda mkokoteni mzima umsukume mteremko wote, na breki ni kwato zake.

Fundi huyo leo anaishi kwa kushona viatu na kuziba mabegi. Matandiko anatengeneza akipata oda, na oda zenyewe ni za kubahatisha, kwa sababu mwenye mkokoteni analipwa kwa mzigo, anahesabu fedha za jioni, na za jioni zinatosha manila tu. Fundi hana akiba ya kununua ngozi kabla ya oda. Na mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ulisimamishwa kwa muda kuanzia Aprili 2023.

Malighafi ingekuwa inatoka ng'ambo tungeelewa. Inatoka hapa! Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na bado yako machinjio yanayofukia ngozi kwa kukosa mnunuzi. Magome ya kusindikia ngozi yako Njombe, kwenye mashamba ya miwati yaliyoanzishwa mwaka 1949. Wahunzi wa kufua bizimu na pete wapo. Ngozi ipo, miwati ipo, wahunzi wapo, na punda wanavaa plastiki.

Mkoa huu si mgeni wa wanyamakazi. Mwaka 1987 ulianza hapa Mradi wa Maksai Mbeya, kwa msaada wa Canada, kuwafundisha wakulima kulima na kusafirisha mizigo kwa ng'ombe. Uyole kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho maharage yake yanapandwa nchi nzima. Hatuwezi kushindwa na mkanda wa punda.

Tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ofisa anaweza kumkamata mwenye punda mwenye vidonda, na akimkamata ana haki. Lakini akishamtoza faini, amwelekeze duka gani? Mjini humu utapata vipuri vya pikipiki kila kona. Tandiko la punda, uliza uone.

Kwa hiyo tunasema. Madiwani wa Jiji la Mbeya, kwenye mkopo wa asilimia kumi msimsahau fundi wa ngozi, na msisubiri aje, mtafuteni. SIDO, shirika la viwanda vidogo, mpeni meza, mpeni cherehani nzito, mpeni mwanafunzi wa kumrithisha kazi. Maofisa mifugo, nendeni na fundi vijijini, punda apimwe pale pale alipo. Msingoje mkutano mwingine wa Addis Ababa!

Na wewe ndugu yetu mwenye mkokoteni, unayetusikiliza hapo sokoni ukisubiri mzigo, fungua kamba hiyo sasa hivi. Mpapase kifuani, mpapase chini ya mkia. Ukikuta kidonda, leo asifungwe, mwite bwana mifugo. Kisha nenda kwa fundi, mpe nusu ya fedha akanunue ngozi, nusu nyingine umalizie viazi vikitoka.