Harusi Ufukweni: Nendeni Mkalione Ziwa Kwanza

Wasikilizaji wa Kasulu na Kibondo mnaotaka harusi ya ufukweni, Tanganyika ni ziwa lenu. Msichague ukumbi kwa picha za simu. Shukeni Kigoma mapema, saa ileile ya sherehe, mtazame maji yanafika wapi. Miaka ya 2020 na 2021 ziwa lilipanda na kumeza fukwe. Juni hadi Septemba mvua ni nadra, lakini upepo wa kusini hung'oa maturubai: waulizeni wavuvi unaanza saa ngapi. Mfikirieni bibi anayetoka Kibondo. Mimi ningeanza na yeye, kivuli chake na choo cha karibu. Tena Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa.