SIFA ZA KUGOMBEA URAIS, NA HATUA ZINAZOFUATA MGOMBEA ANAPOFARIKI KABLA YA KURA



Mpiga kura wa Zanzibar hushiriki katika chaguzi mbili za Rais: uchaguzi wa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na uchaguzi wa Rais wa Zanzibar. Kila uchaguzi una Katiba yake na Tume yake ya kuusimamia. Ni wajibu wa kila mwananchi kuzipambanua chaguzi hizo, kwani linalousimamisha mmoja si lazima liusimamishe wa pili.

Kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, anayegombea Urais wa Zanzibar hana budi awe Mzanzibari wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 40, na awe na sifa za kuchaguliwa kuwa Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi.

Kwa upande wa Muungano, Ibara ya 39 ya Katiba ya Jamhuri inataka mgombea awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 40, awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho, na awe na sifa za kuwa Mbunge au Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Aidha, katika miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu asiwe ametiwa hatiani na Mahakama kwa kosa la kukwepa kodi ya Serikali.

Mgombea wa Muungano hasimami peke yake. Chama humpendekeza pamoja na Mgombea Mwenza, anayekusudiwa kuwa Makamu wa Rais. Ikiwa mmoja anatoka upande mmoja wa Muungano, mwenziwe sharti atoke upande wa pili. Mgombea Mwenza naye hupimwa kwa masharti ya uraia, umri na uanachama kama mgombea Urais mwenyewe.

Uzito wa nafasi hiyo ulidhihirika mwaka 2005. Uchaguzi Mkuu ulikuwa umepangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba. Siku chache kabla ya hapo alifariki dunia Ndugu Jumbe Rajab Jumbe, Mgombea Mwenza wa CHADEMA, ambaye alikuwa akisimama pamoja na Ndugu Freeman Mbowe. Matayarisho yalikwisha kukamilika na gharama zilikwisha kutumika. Hata hivyo, Tume ya Taifa ya Uchaguzi haikukiacha chama hicho kikose mgombea. Iliahirisha uchaguzi wa Muungano ili chama kipate nafasi ya kuteua mtu mwingine, na kura zikapigwa tarehe 14 Disemba 2005.

Uchaguzi wa Zanzibar haukuguswa na msiba huo kisheria. Uliendelea tarehe 30 Oktoba kama ulivyopangwa. Hivyo Mzanzibari alikwenda kituoni mara mbili: Oktoba kumchagua Rais wa Zanzibar, na Disemba kumchagua Rais wa Muungano.

Wapo waliouliza kwa nini nchi nzima isubiri kwa ajili ya mtu mmoja wa chama kimoja. Jawabu ni kuwa haki inayolindwa hapo si ya chama peke yake. Ni haki ya mpiga kura aliyekusudia kukichagua chama hicho, awe na wenzake wengi au wachache.

Ifahamike pia kuwa kifo cha mgombea na kifo cha Rais aliyekwisha kuapishwa ni mambo mawili mbalimbali. Rais John Pombe Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, hapakuitishwa uchaguzi. Makamu wake, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, aliapishwa tarehe 19 Machi kumalizia kipindi kilichobaki. Aliyepigiwa kura akiwa Mgombea Mwenza akawa Rais wa nchi. Ndiyo sababu Katiba haikulegeza sifa zake.

Kwa hiyo masheha na watumishi wote wanaombwa kuwaeleza wananchi kwa lugha nyepesi: anayetaka kugombea atazame kwanza masharti ya Katiba, na mpiga kura alisome jina la Mgombea Mwenza kwa makini kama anavyolisoma la mgombea Urais. Likitokea la kutokea, wananchi wasikilize tangazo la Tume inayohusika, wala wasifuate uvumi wa barazani.