Maji ya Mtaro wa Huruma Huishia Malindi

Hotuba iliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakazi wa mitaa ya Eastlands



Ukimwuliza mtoto wa Huruma maji machafu ya mtaro ulio nyuma ya ploti yao huenda wapi, atajibu bila kusita kuwa huenda mtoni. Ukimwuliza mto wenyewe huenda wapi, huenda akanyamaza, na watu wazima wengi watanyamaza pamoja naye. Mto ukishapita Dandora, mtu wa mtaani hauoni tena.

Basi tuufuate. Mto Mathare unapita Mathare na Huruma, kisha unamwaga maji yake katika Mto Nairobi, ambao nao umetoka kwenye bwawa la Ondiri huko Kikuyu, ukapita katikati ya jiji, Gikomba, Korogocho na Dandora. Mto Ngong unapita Mukuru na eneo la viwanda, halafu kando ya Kayole, na kuungana nao upande wa Njiru. Ukitoka kaunti hii, mto huo unaingia Mto Athi. Athi unapita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, unateremka kati ya Makueni na Kitui, unaingia mbuga ya Tsavo Mashariki, na ukikutana na Mto Tsavo unaitwa Galana. Mbele zaidi unaitwa Sabaki. Unaingia Bahari Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Urefu wa Athi hadi baharini ni takriban kilomita 390. Majina ni matatu, mto ni mmoja.

Ndiyo maana mipango ya taifa ya kulinda maji ya pwani haiwezi kuanzia ufukweni. Sehemu kubwa ya uchafu wa bahari haitupwi na meli, hutoka nchi kavu. Mwaka 1995, katika mkutano wa Washington, serikali zaidi ya 100 zilikubaliana juu ya programu ya dunia ya kuzuia uchafu huo, na kila nchi ikatakiwa kuandaa mpango wake. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1985, nchi za upande huu wa Bahari Hindi zilikuwa zimeshatia sahihi mkataba wa kulinda bahari yao, na mwaka 2010 zikaongeza itifaki inayohusu uchafu unaotoka nchi kavu. Mkataba huo unaitwa Mkataba wa Nairobi. Jiji lisilo na ufuo wala bandari ndilo lililoupa jina mkataba wa bahari, na mto wa jiji hilohilo ni mmoja wa mito inayopeleka uchafu huko.

Tena Katiba ya mwaka 2010 imeigawa kazi hii. Mikataba hutiwa sahihi na serikali ya kitaifa. Lakini kuzoa taka, kusimamia majaa ya taka, mitaro ya maji ya mvua na huduma za majitaka ni kazi za kaunti. Mpango ukiandikwa vizuri kiasi gani ofisini, utekelezaji wake unaangukia Kariobangi, Kayole na Njiru.

Je, kweli uchafu wa hapa unafika baharini? Swali hilo ni la haki. Kule Malindi wanasayansi walichunguza tumbawe lililokua kwa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, kama mti, na kila tabaka hubaki na alama ya maji ya wakati wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kwa miaka 200 ya kwanza udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa mdogo. Tangu mwanzo wa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kufyekwa na kulimwa kwa wingi, udongo ukaongezeka. Na hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, ni mojawapo ya hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika.

Utafiti mwingine wa mto huohuo, uliochapishwa mwaka 2014, ulifuata naitrojeni, ambayo majitaka ya Nairobi yanayo kwa wingi. Wakati wa kiangazi mto huenda polepole na hupata muda wa kujisafisha njiani, hata nyingi ya naitrojeni hiyo isifike pwani. Mvua kubwa ikija, maji huenda mbio na mto haupati nafasi hiyo. Kwa hiyo si kila kinachotupwa Dandora leo kitakuwa Malindi wiki ijayo. Hukaa kingoni, mchangani, chini ya madaraja, kikingoja mvua.

Kabla ya kufika kwa mvuvi wa Malindi, uchafu huu hupita kwa watu wengi, na wa kwanza ni mkazi wa Eastlands mwenyewe. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Bado linapokea taka, na liko ukingoni mwa Mto Nairobi. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo. Karibu nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi hiyo si ya bunduki, ni madini yanayotoka kwenye betri kuukuu na rangi, na hudhuru ubongo wa mtoto. Huko Maili Saba kuna wanaolima mboga kwa majitaka, na mboga hizo huuzwa sokoni kama nyingine zote. Chini zaidi, Makueni, bwawa la Thwake linajengwa mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, na watu wa huko wana haki ya kuuliza watakunywa nini.

Sasa, tatizo liko wapi? Taka za plastiki ndizo zinazoonekana, lakini majitaka ndiyo makubwa zaidi. Jiji lina mtambo wa kusafisha majitaka Kariobangi na mabwawa makubwa ya Ruai. Maji yasiyofika huko hayasafishwi. Ploti ya ghorofa sita ambayo bomba lake limeunganishwa na mtaro wa mvua inatiririsha vyoo vya familia zote mtoni moja kwa moja. Gari la kunyonya choo linalomwaga mzigo wake mtoni usiku, badala ya kuupeleka mahali pa kusafishwa, linafanya hivyohivyo kwa mkupuo mmoja. Gereji inayomwaga oili chafu mtaroni ni vivyo hivyo.

Ukweli mwingine nao usemwe. Mama ambaye gari la taka halijafika kwake kwa wiki mbili hatupi taka mtoni kwa kupenda. Kumhubiria bila kumpelekea gari ni kazi bure. Na kwa watu wengi wa Mathare na Mukuru, neno mto sasa linakumbusha mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyoua watu, na tingatinga zilizofuata kubomoa nyumba za kando ya mto. Mpango wa kufufua mito ya Nairobi uliozinduliwa Machi 2025 unahusisha mabomba makuu ya majitaka kando ya mto. Wakazi wana haki ya kuuliza bomba litapita wapi na ploti yao itaunganishwa lini, na kuuliza mapema, kabla mtaro haujachimbwa.

Kwamba mambo hubadilika, juala ni ushahidi. Kabla ya Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ilijaa kila mtaro. Wengi walisema marufuku hiyo haitashika. Leo muuza mboga wa Umoja ana mfuko wa aina nyingine, na biashara inaendelea.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mwenye taka azitenganishe: zinazooza kivyake, nyingine kivyake. Maganda na mabaki ya chakula yakitengwa, kinachobaki ni kidogo na kikavu, na kina mnunuzi. Pampasi ndizo zinazosumbua zaidi mitoni. Hazina mnunuzi, hazifai chooni wala mtaroni. Zifungwe peke yake zingoje gari.

Aliyeona bomba la majitaka limepasuka, au gari la kunyonya choo likimwaga mtoni, aandike mahali, siku na saa, na nambari ya gari ikiwezekana, apeleke kwa ofisi ya mazingira ya wadi au kwa chifu. Mwenye ploti ambaye hajui bomba lake linaishia wapi aulize sasa, kabla ya mvua za Oktoba.