Turudipo Shambani

Somo: Luka 12:13-21



Wengi wetu tunaofanya kazi mijini tuna ndoto moja. Twaishi katika chumba cha kupanga, twaamshwa na kelele za magari, na kila kitu twanunua: maji, makaa, maziwa, hata sukuma wiki. Ndipo moyo husema, "Siku moja nitarudi nyumbani. Nitafuga ng'ombe wawili na kuku wachache, nitakuwa na mboga zangu karibu na mlango. Nitaishi maisha rahisi, nami nitapumzika."

Ndoto hiyo si mbaya. Tukisoma Mwanzo sura ya 2 twaona kwamba Mungu alimpa mtu kazi ya bustani kabla dhambi haijaingia ulimwenguni. Basi jembe si laana. Nayo nchi yetu ilipokuwa changa katika uhuru, mwaka 1964, Mzee Jomo Kenyatta aliwahimiza wananchi warudi mashambani wakalime.

Lakini na tuliangalie somo letu. Mfano wa tajiri mpumbavu twaujua sana, ila mara nyingi twasahau mambo mawili. La kwanza, mtu huyo alikuwa mkulima, na shamba lake lilikuwa limezaa vizuri. La pili, Bwana alitoa mfano huo kwa sababu mtu mmoja alikuwa akidai urithi kwa ndugu yake. Kumbe tamaa haikai mjini peke yake. Njia ya shambani yaijua. Hata Kaini alimwua Habili huko nje kondeni, kabla mji wowote haujatajwa katika Biblia.

Tena angalieni tajiri huyo alikuwa akisema na nani. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe. Hakumwuliza Mungu. Hatusikii habari za mke, wala watoto, wala vibarua waliovuna mazao yale. Alipanga raha yake akiwa peke yake.

Hapo ndipo neno hili linapotugusa. Yuko baba anayestaafu baada ya miaka thelathini mjini. Anafika nyumbani na kiinua mgongo chake, na mipango yote ameiandika katika daftari. Juma la kwanza anaamuru migomba ing'olewe, kusudi hapo pajengwe nyumba ya kuku mia tano. Mama hakuulizwa.

Lakini ni nani aliyelima shamba hilo miaka hiyo yote? Ni mama. Yeye ndiye ajuaye ni pembe gani maji husimama mvua za Machi zinapoanza, na ni ng'ombe gani hupiga teke akikamuliwa. Ndizi za migomba ile zililipa karo ya watoto wakati pesa za kutoka mjini zilipochelewa. Baba aona anatengeneza shamba. Mama aona jasho lake la miaka thelathini linang'olewa. Kuku hawajafika bado, na amani imekwisha kuondoka. Ng'ombe wako, mboga ziko, na pumziko halipo.

Wapendwa, maisha rahisi si kazi rahisi. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, hata Jumapili, hata siku ya matanga. Mche wa kahawa hutungojesha kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Matuta ya fanya juu, ambayo ndugu zetu wa Machakos wanayajua sana, huchimbwa kwa kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, nayo yataka kutengenezwa tena na tena. Kazi kama hizo hazifanywi na mtu mmoja mwenye daftari. Zataka nyumba yenye umoja.

Basi tufanyeje? Ikiwa bado tuko kazini mjini, tusingoje kustaafu. Likizo ijayo, tushike jembe tumfuate mama shambani siku nzima, tukiuliza kabla ya kuagiza. Kabla ya kununua chochote, tuketi pamoja na watu wa nyumbani, tuombe, kisha kila mtu aseme, hata mtoto. Nanyi akina mama, baba akirudi, mpokeeni na kumfundisha kwa uvumilivu, maana naye ni mgeni katika boma lake.

Na asiye na shamba asikate tamaa. Mtume Paulo alimwambia Timotheo kwamba chakula na mavazi vyatosha kumridhisha mtu wa Mungu. Moyo wa namna hiyo waweza kuota hata katika chumba cha kupanga. Yeye aliyeupata huko mjini atafika nao nyumbani. Na yeye asiyeupata, hata ekari ishirini hazitampa.

Tuombe. Ee Bwana, mwenye dunia na vyote viijazavyo, twakushukuru kwa udongo na mvua. Utuondolee tamaa ya kupanga peke yetu. Uwapatanishe waume na wake, na ndugu wanaogombea mipaka, kusudi turudipo nyumbani tukukute wewe hapo. Katika jina la Yesu. Amina.